Miezi Mitatu Niliyoichezea

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni hapa Dallas, mbele ya wazazi wenzangu tuliotoka Afrika, kuhusu kuwaombea watoto tuliowaacha nyumbani waje kuishi Marekani. Wengi mlikuwa zamu mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mliotoka Fort Worth na Arlington, na nyie mliopitiliza hapa kutoka kazini na sare bado mwilini, poleni na kazi, karibuni.

Kabla sijasema lolote, tuinue mikono. Nani humu ana mtoto kule nyumbani Afrika aliyeshavuka miaka 21? Msione haya, inueni juu. Haya, asanteni. Sasa, nani kati yenu ameshatuma fomu ya kumwombea?

Naona mikono saba. Ile iliyoshuka siwezi kuimaliza kuihesabu.

Siwalaumu hata kidogo. Mkono wangu mimi ulichelewa kuinuka kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na huo mwaka na miezi mitatu binti yangu aliulipa kwa miaka tisa na nusu. Ndiyo sababu nimeomba kusimama hapa leo. Mimi si wakili, ni mama ninayelea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kama wengi wenu. Nitawaambia lililonipata na niliyojifunza kwa kulipa.

Mume wangu ni raia wa hapa. Tulioana 2009, binti yangu akiwa na miaka 16. Kwa sheria ya Marekani, mtoto wa kambo ambaye ndoa imemkuta hajafika miaka 18 ni mtoto wa yule baba, anaweza kumwombea kama wa kumzaa. Maana yake siku ileile mume wangu aliponijazia fomu mimi, angemjazia na binti yangu fomu yake. Tungepanda ndege moja. Lakini mtu tuliyemwamini alituambia, "Atangulie mama, mtoto atafuata." Tukakubali. Nikamwacha kwa bibi yake, Chumbageni, pale Tanga, na sanduku lake la shule.

Nikafika hapa Agosti 2010. Novemba 2013 nikaapa uraia. Siku ninayoinua mkono kuapa, binti yangu ana miaka 20 na miezi tisa.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapo. Raia akimwombea mtoto wake ambaye hana ndoa na hajafika miaka 21, mtoto yule hana foleni. Hayumo kwenye hesabu ya viza za mwaka. Zaidi ya hapo, umri wake unasimama siku ile fomu inapopokelewa. Hata karatasi zikikaa kwao mpaka yeye atimize 22, kwenye faili bado ana miaka 20. Sheria hiyo ipo tangu Agosti 2002. Ilitungwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanazeekea kwenye makabati ya serikali.

Nilikuwa na miezi mitatu. Fomu I-130, ndiyo hiyo ya kumwombea mtoto, nilikuwa nimeshaichapa. Ada yake wakati ule ilikuwa dola 420. Leo ni 675 ukituma kwa posta na 625 ukituma kwa mtandao. Je, nilikuwa nazo hizo dola 420? Nilikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Desemba mama akapiga simu: mvua za vuli zimeng'oa mabati chumba cha nyuma. Bahasha ikaenda Tanga ikawa mabati. Simlaumu mama, Mungu amrehemu, nyumba ilikuwa inavuja kweli. Nikajisemea nitajipanga. Mwezi wa kwanza nikajipanga. Mwezi wa pili nikajipanga. Mtoto wangu si mtoto wangu tu? Ataacha kuwa wangu?

Februari 2014 akatimiza miaka 21. Nilimpigia simu usiku nikamwimbia. Sikujua kwamba asubuhi ile alikuwa ametoka kwenye mlango mmoja na kuingia kwenye mwingine.

Nilikuja kutuma fomu Mei 2015.

Kwetu mtoto ni mtoto hata akiwa na mvi. Mama yangu aliniita "mwanangu" nikiwa na wajukuu mlangoni. Kwa sheria ya hapa, mtoto ana mwisho, na mwisho wake ni siku ya kutimiza miaka 21. Baada ya hapo bado ni wako, unaruhusiwa kumwombea, lakini sasa anaingia foleni. Na foleni zenyewe ziko tatu. Mtu mzima asiye na ndoa, mzazi wake raia: foleni ya kwanza, viza 23,400 kwa mwaka. Mtu mzima asiye na ndoa, mzazi wake ana grini kadi, yaani kibali cha kuishi hapa daima bila kuwa raia: foleni nyingine, viza kama 26,000. Mtu mzima mwenye ndoa, mzazi wake raia: foleni ya tatu, viza 23,400. Hizo ni za dunia nzima, jamani. Si za Afrika, si za Tanzania. Tanga na Manila, Kisumu na Bogotá, wote wanachota ndoo moja. Na mkwe wako na wajukuu wanaofuatana naye wanahesabiwa humohumo.

Kwa nchi zetu, mtoto asiye na ndoa amekuwa akisubiri miaka minane, tisa. Mwenye ndoa, zaidi ya kumi na mitatu.

Mnahesabuje? Kuna kitu kinaitwa tarehe ya kipaumbele. Ni siku ile Idara ya Uhamiaji ilipoipokea fomu yako. Si siku iliyopitishwa, si siku uliyolipa wakili. Siku iliyopokelewa. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa inatoa taarifa yenye jedwali, inasema sasa tumefika tarehe fulani. Tarehe yako ikiwa ya kabla ya hiyo, zamu yako imefika. Mimi nilikuwa naiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Kuna mwezi inasogea wiki tatu, unapika pilau. Kuna mwezi haisogei. Foleni yetu ilifika tarehe 1 Desemba 2014 ikakaa palepale zaidi ya mwaka mzima. Yangu ilikuwa Mei 2015. Miezi mitano mbele yangu, na kalenda haisogei.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwenu ni hili: tuma fomu. Usisubiri uraia ndipo utume. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumwombea mtoto wake asiye na ndoa. Usisubiri nyumba kubwa. Usisubiri mshahara upande, maana kipato hawakuulizi siku ya kutuma fomu, wanakuuliza mwishoni, zamu ikikaribia. Ukija kuapa uraia baadaye, faili linahamia foleni ya raia na tarehe yako ileile unabaki nayo. Na ukiapa mtoto akiwa hajafika 21, fomu yake imeshaingia, umri wake unasimama siku ya kiapo chako. Mnaona? Kama ningetuma fomu hata wiki moja tu baada ya kupata grini kadi, nisingekuwa hapa nahutubia.

Ndugu zetu wa Burundi mmeniuliza pale nje. Tangazo la rais la Juni 2025 liliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi zilizosimamishiwa viza za uhamiaji, na orodha hizi zinabadilika, zifuatilieni. Lakini viza kusimama si sawa na tarehe kufutwa. Aliyeingia foleni yumo foleni. Ambaye hakuingia, mlango ukifunguliwa ataanzia mwisho.

Sasa nije kwenye ndoa. Hapa naomba hata wanaochezea simu waache kidogo.

Kuna baba mmoja, amenipa ruhusa nisimulie ila nisimtaje. Mtu wa Uvira. Alikaa miaka kwenye kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, akaletwa hapa kama mkimbizi, akapata grini kadi. Kijana wake mkubwa alibaki kambini. Mwaka 2017 baba akafanya jambo sahihi: akatuma fomu. Kijana alikuwa na miaka 24, hana mke. Mwaka 2019 kijana akapata mchumba. Baba akafurahi kama baba yeyote. Akatuma hela ya suti, akatuma hela ya mbuzi wawili, harusi ikafungwa kanisani palepale kambini, tukatazama video hapa kwa huyo baba, tukala. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele.

Mwaka 2022 baba akaapa uraia. Akaenda kwa wakili na picha za harusi mkononi, anataka kumwongeza mkwe wake kwenye faili. Wakili akamuuliza, "Harusi ilikuwa lini?" Akasema, "2019." "Na wewe umeapa lini?" "Mwezi uliopita." Aliniambia wakili aliweka kalamu chini, akazitazama zile picha, hakusema kitu kwa muda.

Mwenye grini kadi hana foleni ya mtoto mwenye ndoa. Haipo. Zile foleni tatu nilizotaja, rudieni kuzihesabu: mwenye ndoa yupo kwa raia tu. Kwa hiyo kijana alipovaa pete, faili la 2017 lilikufa palepale, lenyewe, bila barua, bila mtu kupiga mhuri. Na halifufuki. Hata angeachana na mkewe kesho yake, lisingefufuka. Uraia wa baba uliokuja baadaye haukulikuta. Akaanza upya 2022, kwenye foleni ya miaka kumi na kitu, na yeye mwenyewe ameshapita sitini.

Kama harusi ingefungwa baada ya kiapo, je? Faili lingehama tu, likaenda foleni ya wenye ndoa na tarehe yake ya 2017 mkononi. Foleni ndefu, ndiyo, lakini angebaki na miaka yake mitano.

Naomba mnielewe vizuri. Siwaambii mkawazuie watoto wenu kuoa. Nani kanipa mamlaka hayo? Nawaambia mzazi ajue, na mtoto ajue, halafu waamue wakiwa macho. Na msije mkadanganyana kwamba "ile si ndoa, ile ni ya msikitini tu," au "tumelipa mahari tu, bomani hatujaenda." Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua ndoa za dini na za kimila. Kenya nao, sheria yao ya 2014 inazitambua. Nikahi ni ndoa. Kanisani ni ndoa. Ofisa wa ubalozi ataziona picha, atamuuliza mtoto wako akiwa amekula kiapo, na uongo ukigundulika pale unamfungia mlango pengine maisha yake yote. Kuzaa bila ndoa, kwa upande mwingine, hakuui faili. Mjukuu huyo anaweza kufuatana na mama yake. Wapo mabinti wamejificha na watoto wao kwa woga ambao haukuwa na sababu.

Na sasa jambo ambalo linaniuma mimi zaidi ya yote.

Binti yangu alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. "Mama, vipi?" Nami namjibu, "Mwakani, mwanangu." Mwaka 2016, mwakani. Mwaka 2017, mwakani. Sikuwa namdanganya kwa ubaya. Nilikuwa namtia moyo. Kuna mzazi humu hajawahi kusema "mwakani"?

Alipata nafasi ya kusomea ualimu Korogwe. Hakwenda, maana mwakani anasafiri. Alipewa kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka alitaka mtu wa kukaa naye miaka mitatu. Akakataa, mwakani anasafiri. Alikuwa na mchumba, kijana mzuri, fundi wa boti. Mimi nikiwa raia, ndoa isingeua faili lake, ingelihamishia ile foleni ndefu tu, na hilo walilijua. Wakasema wangoje. Wakangoja 2016, wakangoja 2017, 2018. Mwaka 2019 yule kijana alikuja kwa mama yangu, akakaa kwenye kiti cha nje, akaomba radhi kwa heshima zote, akaoa kwingine. Mtamlaumu? Mimi siwezi.

Nilijaribu hata kumwita aje kunitembelea. Kwenye fomu ya viza ya kutembea kuna swali: je, kuna mtu aliwahi kukuombea uhamiaji? Jibu ni ndiyo. Ukishajibu ndiyo, ni kazi ngumu sana kumshawishi ofisa kwamba utarudi nyumbani. Hakupata. Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nakwenda, kila nilipopata nauli, wiki mbili, tatu. Safari moja tulikuwa tunachambua mchicha uani, yeye na mimi, hatutazamani. Akaniambia, "Mama, ungeniambia miaka tisa, ningesoma. Ningekuwa mwalimu sasa hivi." Akaendelea kuchambua mchicha. Hakupandisha sauti.

Wazazi wenzangu, mwambieni mtoto miaka. Mwambie: mwanangu, foleni hii ni ya miaka minane, tisa, pengine zaidi. Nenda shule. Fanya kazi. Jenga chumba chako. Panda miti. Ishi kana kwamba fomu haipo, isipokuwa jambo moja tu, ndoa, hilo uniambie kabla. Mnafikiri atakata tamaa? Anayekatishwa tamaa ni yule anayeambiwa mwakani mara tisa.

Nitapita haraka kwenye makaratasi, kwa sababu meza ya pale mlangoni ina kila kitu.

Akina baba, hasa ambao hamkuoana na mama wa mtoto: mara nyingi utatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa baba kweli kabla hajafika miaka 21. Kipimo cha vinasaba kinaonyesha damu. Malezi kinayaonyesha wapi? Namjua mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa ametunza risiti za karo tangu darasa la kwanza, zimefungwa na uzi, na baadaye taarifa zake za M-Pesa, mwezi kwa mwezi. Ofisa alizifunua kurasa chache akaacha. Ambao hamjaanza kutunza, anzeni leo. Na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mtoto akiwa na miaka 25 kinaulizwa maswali, kwa hiyo kitafutieni wenzake: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, daftari la shule. Majina yafanane. Huyu Juma, huyu Jumaa, mtahangaika.

Kipato: zamu ikifika utasaini hati ya kumtegemeza, fomu I-864. Kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa mwaka 2025, familia ya watu wanne, akiwemo huyo anayekuja, ilikuwa kama dola 40,187. Ukipungukiwa, anaweza kukusaidia mtu mwingine aliye raia au mwenye grini kadi anayeishi hapa, hata asiye ndugu. Ila mweleze vizuri anachosaini. Ule ni mkataba na serikali. Unambana mpaka mgeni awe raia, au ahesabiwe vipindi 40 vya kazi, yaani miaka kama kumi, au aondoke moja kwa moja, au afariki. Kaka mmoja wa kanisani alitusainia sisi kwa sababu mwaka ule mume wangu alikuwa mgonjwa. Hakutudai hata soda.

Ukihama nyumba, toa taarifa ndani ya siku kumi. Kituo cha Viza kule New Hampshire kikikuandikia na wewe ukanyamaza mwaka mzima, faili linaweza kufungwa. Mzazi mwombaji akifariki, faili nalo kwa kawaida linafutwa, na kuomba lirudishwe ni huruma yao. Kwa hiyo wazee wangu, kapimeni presha. Na yeyote atakayekuambia ana mtu ndani wa kukusogeza mbele ya foleni, mpe chai, umsindikize. Foleni haina mlango wa uani.

Faili letu lilifikiwa 2024. Mahojiano yalichukua dakika kumi, baada ya miaka tisa. Alitua hapa Novemba, ana miaka 31, nami nilikuwa nimemwacha na 17. Pale uwanja wa ndege nilibeba koti zito la msichana mdogo, maana kichwani mwangu bado alikuwa na mwili ule. Mikono haikuingia. Tulicheka, halafu tukalia, kisha tukarudi dukani kulibadilisha kabla hatujafika nyumbani.

Sasa anasoma jioni kwenye chuo cha hapa mjini, anataka kufundisha watoto wadogo. Nilimwomba ruhusa ya kuwasimulia haya yote, hata ya yule fundi wa boti, akafikiri siku mbili, akakubali kwa sharti kwamba na yeye apewe kazi ya kufanya.

Fomu ziko pale mlangoni, na kalamu zipo. Aliyekaa mezani mwenye kilemba cha kijani ndiye yeye. Kamwambieni mtoto wenu alizaliwa lini, atawahesabia.